Fimbo Niliyompimia Baba Dukani

Magoti yangu yameanza kulia. Nikiinuka kwenye kiti darasa zima linasikia, na watoto wa siku hizi hawana haya, wanacheka waziwazi. Daktari aliyenitazama aliniambia nitafute fimbo ya kutembelea, tena akaanza kunieleza namna ya kuichagua. Nilimkatiza. Nilimwambia hayo nayajua tangu utotoni, na nilisema kwa ukali mpaka akainamisha kichwa akaandika dawa. Maskini, hakuwa na kosa. Hasira ile nilikuwa nayo juu yangu mwenyewe, kwa sababu ni kweli nilikuwa nayajua yote, na bado niliwahi kumchagulia baba yangu fimbo iliyomwangusha.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa huko Matiri, na tangu nimjue alitembea na fimbo mbili. Hakuwa kilema. Alikuwa na miguu ambayo vijana wa kijijini waliionea wivu. Lakini kwetu ardhi imesimama. Ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka, na mgeni hulala siku ya kwanza mapaja yakimtetemeka. Baba alisema goti halina spea. Ukishuka mlima, kila hatua uzito wa mwili na wa mzigo unatua gotini, na fimbo mbili zinapokea sehemu yao kabla goti halijapokea yake. Ukipanda, mikono inasaidia kusukuma badala ya kuning'inia bure. Ukivuka mto una miguu minne, na mitatu iko chini wakati wote. Asubuhi unapangusa umande kwenye majani kabla haujakulowesha, na nyoka anakusikia kabla hujamkanyaga. Na ukiwa na gunia mgongoni unaweza kuliegemeza juu ya fimbo, ukapumua umesimama, ukaendelea bila kulitua. Maana ukilitua peke yako porini, nani atakutwisha?

Kuchagua fimbo kwake kulikuwa na masharti mengi kuliko kuchumbia. Alipenda shina la mbuni mzee, yaani mti wa kahawa, lile linalokatwa ili mti uchipue upya, kwa kuwa ni gumu na halipasuki ovyo. Alilitundika juu ya moshi wa jikoni likauke polepole, kwa sababu alisema lililoanikwa juani hupinda. Aliacha gome pale mkono unaposhika ili jasho lisiteleze. Ncha aliichoma moto, akaikwangua mpaka ikawa kali, iweze kuuma udongo. Juu alifunga kitanzi cha kamba, na tulipopitisha mkono kutoka juu alitupiga kofi dogo la vidole. Mkono unaingia kitanzini kutoka chini, ndipo ushike fimbo na kamba kwa pamoja. Hapo uzito unakaa kwenye kifundo cha mkono na vidole havichoki. Mwanzi aliukubali kiangazi tu, tena ukatwe chini kidogo ya fundo, kwa sababu mwanzi ulioachwa na tundu wazi hujaa matope na kuwa mzito bure.

Kipimo ndicho kilichokuwa chake hasa. Miteremko ya kwetu inalimwa kwa ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa mstari kwa mstari na kuzungukwa na matuta, ili mvua isichukue udongo. Fimbo ya kupandia alikupimia mahali pa sawa: ukiishika, kiwiko kikunjike kama cha mtu aliyebeba sinia. Ya kushukia ilikuwa habari nyingine. Alikusimamisha juu ya tuta, akakuambia ushushe ncha mpaka chini ya shimo. Ukilazimika kuinama, au mkono wako ukinyooka wote, aliitupa akakata ndefu zaidi.

"Unashuka," alikuwa akisema. "Hujasimama sebuleni."

Nyumbani kwetu tulibaki watatu baada ya mama kufa: baba, mimi, na mdogo wangu wa kike. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikapangiwa Mbinga mjini. Mdogo wangu alimpenda mvuvi wa Lundo, ufukoni mwa ziwa, aliyekuwa akipandisha usipa, wale dagaa wa ziwani, kuuza sokoni Mbinga. Kijana alikuwa na adabu na mikono ya kazi, ila alikuwa Mwanglikana. Baba alikuwa Mkatoliki, mtu wa kubeba msalaba mbele ya maandamano ya kanisa. Walipofunga ndoa kule chini, katika kanisa la kina kijana, baba hakwenda. Jumapili iliyofuata, uwanjani baada ya misa, watu wakiwa bado hawajatawanyika, alisema kwa sauti kwamba mchanga wa Lundo hataukanyaga mpaka anakufa.

Ilipita miaka saba. Mdogo wangu alizaa watoto watatu ambao babu yao hakuwaona. Aliniandikia barua, na katika kila barua palikuwa na mstari mmoja wa kumuulizia baba, daima ule wa mwisho, kana kwamba ndio kwanza amekumbuka. Nilimsomea baba. Alisikiliza akitazama kahawa yake, kisha akauliza kama mvua imenyesha huko chini.

Wakati huo soko lilikuwa limefunguliwa. Kahawa iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika peke yake sasa ilifuatwa na wanunuzi binafsi, kila mmoja na gari lake na maneno yake matamu. Madukani Mbinga, ambako tulizoea kupanga foleni ya sabuni, vitu vilijaa mpaka barazani: redio, viatu, masufuria yanayong'aa, mablanketi yenye picha za chui. Sisi walimu tulitembea jioni kuvitazama tu. Nakiri niliamini kwamba chochote kilichotoka kwenye kasha na kung'arishwa ni bora kuliko kilichotoka shambani kwetu. Sikuwa peke yangu, lakini hilo halinipunguzii kitu.

Masika moja baba alishuka kwenye gari la mizigo akaja moja kwa moja nyumbani kwangu, kikapu cha maharage begani na fimbo zake mbili mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kesho nateremka Lundo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alikaa, akavua kofia, akanieleza. Msafiri mmoja alikuwa amemwambia kwamba mtoto wa mwisho wa mdogo wangu amebatizwa kwa jina lake yeye baba. Katika kanisa lao lile lile. Alilala siku tatu akilifikiria jambo hilo, na siku ya nne akachuma maharage.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nilisema mbele za watu kwamba siendi. Sasa nataka nifike kwanza, ndipo watu wajue. Ukiniuliza mbele ya mtu, mimi nafuata usipa."

Nilifurahi mpaka nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni. Niliporudi, nikaziona zile fimbo zimeegemezwa mlangoni pangu, nyeusi kwa moshi, moja ndefu na moja fupi, na kamba zimechakaa kwa jasho. Huko nje mwalimu mwenzangu wa nyumba ya pili alikuwa ameniuliza, kwa upole kabisa, mgonjwa wangu anaendeleaje. Alimwona baba akiingia, akadhani nimeletewa mzee wa kuuguza. Nilimjibu vizuri. Hasira yangu niliielekeza kwenye fimbo.

Kwetu baba anapofika ukweni kwa binti yake mara ya kwanza hutazamwa kuanzia viatu mpaka kofia. Wakwe hawasemi kitu, wanatandika mkeka na kukaribisha, lakini jioni akiondoka hesabu yake yote imekwisha kufanywa. Na huyu alikuwa anakwenda kwa watu aliowakataa miaka saba.

"Baba," nikasema, "ukifika na hizi mbili watasema tumewaletea mgonjwa."

Alizitazama kana kwamba ni mara ya kwanza kuziona.

"Watasema hivyo?"

"Watasema."

Nilijua nimemgusa wapi. Mlima haukumtisha hata kidogo. Alichoogopa ni kufika pale mbele ya mkwewe akiwa mnyonge. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikamshika mkono nikampeleka dukani kabla hawajafunga.

Ilikuwa fimbo nzuri, siwezi kusema uongo. Nyeusi, imepakwa vanishi, ina mpini uliopinda, pete ya rangi ya dhahabu shingoni, na chini kiatu cha mpira. Baba alisimama wima sakafuni akaishika, na mimi nikakitazama kiwiko chake. Kilikunjika barabara. Nikasema inamtosha. Palikuwa na ndefu zaidi zimening'inia ukutani, lakini zile ndefu hazikuwa na pete. Sakafu ilikuwa ya saruji, imepigwa deki, na mimi binti wa Matiri, niliyesimamishwa juu ya tuta mara ngapi sijui, nilimpimia baba fimbo ya mlima juu ya sakafu ile.

Yeye aliigeuza, akaubonyeza ule mpira kwa kidole gumba.

"Hii inauma nini?"

Mwenye duka akacheka. "Mzee, hiyo haiumi. Hiyo ni ya heshima."

Nami nikacheka. Baba alitutazama mmoja mmoja, akatabasamu kwa sababu sisi tulikuwa tunacheka, akaitundika kwenye mkono wake. Nimeukumbuka uso wake ule mara nyingi kuliko ninavyokumbuka uso wake wa kufa.

Asubuhi nilimsindikiza mpaka kwenye gari lililokwenda hadi pale mvua zilipokata barabara. Kutoka hapo ni miguu, mteremko mpaka tambarare ya ziwa. Fimbo zake mbili nilizibakiza nyumbani. Aliuliza kama achukue angalau ile ndefu, atakuja kuiacha kwa mtu akikaribia. Nikamwambia, baba, mtu hatembei na ya heshima huku na ya jikoni huku. Alikubali. Siku zote alidhani mimi, kwa kuwa nilisoma, najua watu wanavyotazama.

Wanawake wawili waliokuwa wakipanda na vikapu vya usipa walimkuta ameketi kando ya njia, ameegemea ukingo, mguu mmoja umegeuka upande usio wake. Walimuuliza anakwenda wapi. Akawaambia anafuata usipa. Waliita watu, akabebwa kwenye machela mpaka barabarani, na kesho yake alikuwa hospitalini Mbinga, nyonga imevunjika.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza, kwa utulivu, kama alivyokuwa akitueleza habari za mashina na moshi. Pale pana ngazi ya mawe iliyochimbwa na maji. Alishusha fimbo kutafuta jiwe la chini, haikufika, ikabidi ainame. Ilipofika, mpira ukateleza kwenye jiwe bichi. Mkono wa pili haukuwa na kitu.

"Ilikuwa fupi kidogo," alisema. "Mimi niliona tangu dukani. Ningesema."

Angenilaumu ningejua la kufanya. Ningelia, ningeomba msamaha, ingekwisha. Lakini alijitwika yeye lile kosa ili lisinibakie mimi, na mimi nikamwacha abaki nalo.

Nilitaka kumwita mdogo wangu. Baba akakataa katakata. "Akija sasa," alisema, "ataambiwa nimemwita kwa sababu nimeanguka, na mimi sitaki kumwita, nataka kwenda. Nikipona nitakwenda." Nikamtii, maana wakati huo bado niliamini kwamba atapona. Wiki ya pili kifua kikabana. Jioni yake ya mwisho aliniambia mambo matatu: mbuni wa kando ya choo ukatwe, maharage ya mbegu yako kwenye kibuyu, na jingine, "Mwambie mdogo wako nilikuwa nakuja."

Mdogo wangu alifika Matiri asubuhi ya maziko. Alipanda mlima na mvua, mtoto mgongoni, yule mwenye jina la baba. Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Aliwapita, akaja jikoni nilikokuwa, na kabla ya kunishika mkono aliuliza.

"Dada, wanasema alianguka njia ya ziwani. Alikuwa anakuja kwangu?"

Nyuma ya mlango ule wa jikoni ilisimama fimbo ya dukani. Nilikuwa nimeiweka pale ili watu wasiione. Niliona wazi swali litakalofuata. Angeniuliza baba, aliyeshuka milima yote hii na fimbo zake mbili, amewezaje kuanguka, na zilikuwa wapi fimbo zake. Ningemjibu nini? Kwamba niliona aibu juu yake mbele ya mume wake na wakwe zake? Nilihitaji muda tu, siku moja, watu waondoke.

"Alikuwa anafuata usipa," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara mbili. Akamkaza mtoto mgongoni, akaingia chumbani alikolazwa baba, akaurudisha mlango.

Ile siku moja niliyoitaka ikawa miaka tisa. Uongo wa aina hii una tabia ya ajabu: jioni ya kwanza ungeweza kuuondoa kwa sentensi moja, wiki inayofuata unahitaji maelezo, mwaka unaofuata unahitaji ujasiri ambao sina. Mdogo wangu hakuniandikia tena mstari wa kumuulizia mtu. Aliandika habari za watoto, za homa, za ziwa lililochafuka, kisha hakuandika. Zile fimbo mbili za baba sikuweza kuvumilia kuziona kila niingiapo mlangoni, kwa hiyo siku moja nilizikata vipande nikazichoma. Nilipikia maharage. Ile ya dukani niliitoa sadaka. Mzee mmoja wa mjini anaingia nayo kanisani mpaka leo, juu ya sakafu, na inamfaa sana.

Mwaka wa tisa nilipata maumivu ya tumbo, nikapasuliwa, na nikiwa nimelala wodini niliogopa. Sikuogopa kufa kama nilivyoogopa kufa nikiwa mimi peke yangu ninayelijua neno lile la baba. Nilipopata nguvu nilikwenda Matiri, nikakata mashina mawili ya mbuni, nikayatundika juu ya moshi siku zake zote. Nikasimama juu ya tuta mtu mzima, mwalimu mkuu msaidizi, majirani wakinitazama, nikashusha ncha mpaka chini ya ngoro. Ya kwanza nilikata fupi nikaitupa, nikatafuta nyingine.

Nilishuka kwa miguu kwa makusudi. Ukiwa na fimbo ya kipimo chako, mlima unakuwa kitu kingine: unatanguliza ncha, inauma, unaupeleka uzito wako taratibu, ndipo mguu unafuata, na goti halijui kama kuna kazi inayofanyika. Nilifika kwenye ile ngazi ya mawe. Kulikuwa kumenyesha. Ncha ilifika jiwe la chini bila mimi kuinama hata kidogo. Nilishuka nikiwa mzima kabisa, na kila hatua iliyonishikilia ilinichoma, kwa sababu ndivyo angeshuka yeye.

Mdogo wangu nilimkuta Lundo, nyuma ya nyumba yake, akigeuza usipa kwenye chanja. Alikuwa amenenepa, amepata mvi mbele. Aliniamkia, akaniletea kigoda, akauliza tumbo langu, maana habari za kupasuliwa zilikuwa zimemfikia. Nikamwambia akae. Hakukaa. Nikamweleza hivyo hivyo amesimama, kuanzia maharage mpaka duka, mpaka mpira, mpaka neno la mwisho la baba, na jikoni siku ya maziko. Sikujitetea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kupigwa. Nilikuwa na majibu.

Aligeuza usipa wa mstari mzima kabla hajasema.

"Alikuwa anakuja kwangu."

"Ndiyo."

"Na maharage."

"Ndiyo."

"Siku ile nilipoingia kumwona," alisema, "niliinama sikioni kwake. Nyote mlidhani namuaga. Nilimwambia, umekuja mpaka karibu na kwangu kwa sababu ya samaki. Basi mimi sitakuombea. Nikamwambia hivyo, dada, yuko pale amelala, hawezi kujibu." Aliwafukuza nzi kwenye chanja. "Na sijamwombea. Kila Jumapili kanisani watu wanapotaja marehemu wao ili waombewe, mimi nanyamaza. Miaka tisa baba yangu anangoja nimtaje, na mimi nanyamaza."

Nilinyoosha mkono nimshike wake. Akauondoa, akaendelea kugeuza usipa.